Begi la Theluji Lililofika Chake: Shajara ya Mradi

Jumamosi, siku ya 1

Muuza mitumba wa hapa Chake Chake kaja na begi la mgongoni, jekundu, lililotoka katikati ya robota la makoti ya baridi. Kaliona zito kuliko mabegi mengine yote. Tena lina mpini kwenye mkanda wa bega la kushoto, kama ule wa kuvutia mashine ya boti, na ndani lina kitundu cha chaja. "Fundi, nitazamie kabla sijaliuza," kaniambia. "Nisije nikamtia mtu matatani." Nimemwomba aliache mpaka magharibi.

Nimelifungua mezani kwa bisibisi ndogo. Nyuma ya kitambaa cha ndani mna kiboksi cha plastiki ngumu, na ndani ya kiboksi mna panka ndogo, bodi ya umeme na kapasita sita, yaani vihifadhi umeme, nene kama betri za tochi kubwa, zimeungwa moja baada ya moja. Juu, sehemu ya mabegani, kuna kitambaa chepesi cha rangi ya machungwa kilichokunjwa mara nyingi na kubanwa chini ya zipu. Nilipokivuta kidogo nikakutana na maandishi ya lita 150, ndipo nikajua nimeshika nini. Ni begi la poromoko la theluji. Mtu akiwa mlimani, theluji ikikatika na kumchukua, huvuta mpini. Panka hulijaza puto kwa sekunde chache, na puto humsaidia abaki juu.

Lebo ya kampuni imekatwa, kama mitumba mingi. Nimelinunua mwenyewe kwa bei ya begi la kawaida, muuzaji kaondoka kafurahi na mimi nimefurahi zaidi. Miaka yote natengeneza simu, redio na mapanka ya darini. Sijapata kushika chombo kilichoundwa kingoje miaka, kifanye kazi mara moja, na mara hiyo kisikose.

Nataka lijae tena. Nataka nijue kila kipande kimewekwa kwa nini. Halafu nitaamua la kulifanyia, maana Pemba theluji hatuna.

Jumapili, siku ya 2

Mpwa wangu yuko likizo, anasoma sayansi skuli ya sekondari, basi nimempa daftari awe karani wa vipimo. Swali lake la mwanzo lilikuwa zuri: "Mjomba, theluji si kama pamba? Inamuuaje mtu?"

Nimemweleza hivi. Kwenye milima mirefu theluji huanguka kwa matabaka, wiki kwa wiki, na kila tabaka lina hali yake. Likitokea tabaka dhaifu chini na bamba zito juu yake, uzito wa mtu mmoja kwenye mteremko unaweza kulivunja lile dhaifu, na bamba zima likateleza pamoja naye. Likiwa mwendoni theluji hutifuka na kutiririka. Likisimama, hugandamana na kuwa ngumu kama saruji inayoanza kushika, hata aliyezikwa mkono mmoja tu hawezi kuutoa. Wengi wanaokufa hukosa pumzi. Dakika kama 15 za mwanzo ndizo zenye matumaini makubwa, baada ya hapo matumaini hushuka kwa kasi. Kwa hiyo swali kubwa ni moja tu: theluji itakaposimama, kichwa cha mtu kitakuwa juu au chini?

Leo nimechora njia ya umeme kutoka mwanzo hadi mwisho. Chaja huingiza umeme mdogo kwenye kapasita. Kapasita huukusanya. Mpini, ukivutwa, huifunga swichi. Bodi huamuru mota izunguke, mota huzungusha gurudumu la mapezi ambalo hufyonza hewa kupitia wavu ulio ubavuni mwa begi na kuisukuma kwenye puto. Mlangoni mwa puto kuna kiulimi cha mpira: hewa ikiingia kinafunguka, ikitaka kurudi kinajifunga. Puto likianza kuvimba hulipasua lile zipu kutoka sehemu moja iliyolegezwa makusudi, na zipu yote hufunguka mfululizo.

Mota yenyewe haina brashi. Ina nyaya tatu nene, na bodi huzipa umeme kwa zamu ili sumaku iliyo ndani ifuate mzunguko. Mafundi wa droni wanazijua. Faida yake ni kwamba hakuna makaa ya kulika wala ya kuganda, na kwa chombo kinachokaa kimya miezi sita kabatini, jambo hilo ni kubwa.

Kitu kimoja nilikitafuta sana kwenye bodi sikukiona: sensa ya kuhisi ajali. Nilidhani litakuwa kama mfuko wa hewa wa gari, linalojifungua lenyewe. Si hivyo. Anayeteleza kwenye theluji huanguka, huruka, hugongwa mara kumi kwa siku bila poromoko lolote, na begi likijifungua kila akianguka halitovaliwa. Uamuzi umeachiwa mkono wa mtu. Zimewahi kuundwa aina, kama za kampuni ya ABS, ambazo mwenzako naye angeweza kukufungulia kwa mawimbi ya redio, lakini bado lazima mtu aamue.

Jumatatu, siku ya 3

Leo nimejisahihisha jambo ambalo ningekwenda nalo kaburini.

Tangu Jumamosi nilikuwa namwambia kila aliyekaa barazani kwangu kwamba puto hili humwelesha mtu juu ya theluji kama boya linavyomwelesha baharini. Usiku nikapiga hesabu. Theluji iliyotifuka ni nyepesi mara kadhaa kuliko maji. Mwili wa mtu ni sawa na maji, karibu kilo moja kwa lita. Mtu na mzigo wake tuseme kilo 80, ukimwongezea puto la lita 150 anakuwa kilo 80 ndani ya lita 230, yaani karibu gramu 350 kwa lita. Huo nao si wepesi wa kujivunia mbele ya theluji iliyojaa hewa. Kuelea kunasaidia kiasi, lakini peke yake hakutoshi kueleza kwa nini kitu hiki kinafanya kazi.

Jawabu nimelipata jikoni. Bi mkubwa alikuwa anapeta mchele uani. Ukiutikisa ungo, chenga zinatafuta chini na punje nzima zinakuja juu. Kila mtoto wa hapa ameliona hilo kabla hajajua kusoma, nami nimeliona miaka hamsini bila kuliuliza.

Tumefanya jaribio. Ndoo ya maji upande huu, ndoo ya mchele upande huu. Mbatata moja, ngumi ya mtoto. Kwenye maji imezama moja kwa moja. Tukaikausha, tukaiweka chini kabisa ya ndoo ya mchele, tukaifunika, tukaanza kuitikisa ndoo juu na chini. Mpwa anahesabu. Alipofika 40 na kitu, mgongo wa mbatata ukachungulia. Tumerudia mara tatu, mara zote imepanda. Kisha tukazika gololi ya kioo isiyozidi punje chache za mchele kwa ukubwa. Tumetikisa mpaka mikono ikauma, haikuonekana.

Mbatata ni nzito kuliko mchele ule wenye hewa katikati ya punje, ndiyo maana kwa kanuni ya maji ingebaki chini. Lakini mchele ukitikiswa, kila mara chini ya mbatata hufunguka kinafasi, na punje ndogo hukiwahi kukijaza. Mbatata haiwezi kurudi chini kwa sababu haipati nafasi ya ukubwa wake. Hivyo inapandishwa kidogo kidogo. Theluji inayoporomoka nayo ni mchanganyiko wa mabonge na chembe zinazogongana, na ndani yake kubwa huja juu, dogo huzama. Puto la lita 150 linamfanya mtu awe bonge kubwa, na kazi yake hasa ni hiyo, kuliko kumfanya mwepesi.

Ndiyo maana pia begi hili linafanya kazi tu wakati theluji inakwenda. Ikishasimama, ungo umeshawekwa chini. Aliyechelewa kuvuta amechelewa.

Mzee mmoja wa bao alitazama jaribio zima akiwa na komwe mkononi. Kaniuliza, "Na mtu akigongwa na jiwe au mti humo ndani?" Nimemjibu kweli: puto halimzuii kugongwa na mti, wala halimwokoi akitupwa genge, wala akifunikwa na theluji nyingine ikiwa ya kwanza imeshasimama. Linapunguza hatari moja, ile ya kuzikwa.

Jumatano, siku ya 5

Siku ya mita.

Nimeichaji benki ya kapasita, yaani zote sita pamoja, jana jioni kwa chaja ya simu. Taa ya kijani haikuwaka, nyekundu tu. Nikaichomoa chaja, nikaacha usiku kucha, na asubuhi nikapima kapasita moja moja. Tano zimeshika volti 2.4 na kitu. Ya sita, ile iliyo karibu na kona ya chini ya kiboksi, imebaki na volti 0.6. Miguu yake ina ukungu wa kijani. Maji yaliingia siku moja, huko lilikotoka au kwenye kontena, nani ajuaye.

Kila kapasita imeandikwa faradi 350 (faradi ni kipimo cha uwezo wa kapasita), volti 2.7. Kwa aliyezoea redio hizo ni namba za kushangaza; kapasita nilizozoea mimi hupimwa kwa sehemu ya milioni ya faradi. Hizi ni kapasita kuu. Hazihifadhi umeme kwa kemia kama betri, zinaupanga tu juu ya uso wa kaboni yenye vitundu vidogo mno, na uso huo ukiutandaza ni mkubwa ajabu. Kwa kuwa hakuna kemia ya kusubiri, umeme unaingia upesi na unatoka upesi.

Nimefanya hesabu na mpwa, nami naiweka hapa kwa sababu ndiyo siri ya begi zima. Nishati ya kapasita ni nusu ya faradi mara volti mara volti. Moja: jouli 1,276. Sita: kama jouli 7,650. Betri ya simu ya kawaida ya miliampia-saa 5,000 ina jouli karibu 69,000, mara tisa zaidi! Mpwa akaniuliza kwa nini basi wasitie betri ya simu. Nimemwambia tazama mlango badala ya kutazama ghala. Betri ya simu ni ghala kubwa lenye mlango mwembamba. Kapasita ni ghala dogo ambalo ukuta mzima ni mlango. Panka hii haihitaji kula siku nzima, inahitaji kula mlo mmoja kwa sekunde nne.

Kampuni nyingine zilichukua njia ya betri, lakini betri maalumu za lithiamu zinazoweza kutoa umeme mwingi kwa mpigo. Mwaka 2014 Black Diamond na Pieps walionyesha JetForce yao, ya betri na panka, puto la lita 200. Hiyo baada ya dakika tatu hulitoa puto hewa yenyewe, ili aliyezikwa abakiwe na uwazi wa kupumulia. Miaka michache baadaye Alpride ya Uswisi ikaja na E1 ya kapasita. Mtindo wa begi langu ni huu wa pili.

Kuibadilisha kapasita moja tu nimekataa. Zikiwa kwenye mstari mmoja, ile iliyo tofauti ndiyo hubeba volti isiyostahiki, ikaharibika, ikaziharibu nyenzake. Lazima zote sita ziwe za kundi moja. Nimepiga simu Kariakoo, zipo.

Siku za kungoja mzigo

Zitakuja na boti mpaka Unguja, kisha meli mpaka Mkoani. Kwa hiyo nimetumia siku hizi kusoma, usiku, simu ikiwa kwenye chaja.

Chanzo cha mabegi haya kimenigusa. Miaka ya 1970 bwana misitu mmoja wa Bavaria, Ujerumani, aligundua kwamba alipochukuliwa na poromoko akiwa amebeba mnyama aliyemuwinda mabegani, alibaki juu. Hakusoma nadharia ya punje. Aliona tu kwamba mzigo mkubwa mgongoni, ambao mtu angeutupa kwanza, ndio uliomweka hai. Mwaka 1980 Peter Aschauer alinunua hati ya uvumbuzi ule, na mwaka 1985 ABS ikaanza kuuza mabegi yenye puto.

Yale ya mwanzo, na mengi mpaka leo, hayana umeme. Yana chupa ndogo ya gesi iliyoshindiliwa, nyingine hufika mgandamizo wa baa 300. Ukivuta mpini chupa inatobolewa, gesi inatoka kwa kasi na kufyonza hewa ya nje njiani kupitia tundu jembamba, vyote viwili vinalijaza puto. Ni kitu cha uhakika na kisichojali baridi sana. Ila chupa ikishatoboka imekwisha, lazima ujaze au ununue nyingine, na kuipandisha ndege ni mashaka. Mwenye chupa basi havuti. Anavaa begi misimu mitatu bila kuuvuta mpini hata mara moja, kwa kuogopa gharama.

Hapo ndipo umeme ulipoleta tofauti ambayo mimi naiona kubwa kuliko uzito na bei. Begi la umeme unaweza kulivuta nyumbani, ukalikunja, ukalichaji, ukavuta tena, mpaka mkono ujue njia wenyewe.

Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2014, uliochambua ajali za maporomoko za nchi kadhaa, uliona kwamba kati ya waliochukuliwa vibaya, waliokufa walikuwa 22 kwa kila 100 bila puto lililojaa, na 11 kwa kila 100 likiwa limejaa. Nusu nzima. Lakini mstari ulionikalisha chini ni mwingine: kwa kila watumiaji watano, mmoja puto lake halikujaa, na kati ya hayo yasiyojaa, sita kwa kila kumi ni kwa sababu mwenyewe hakuvuta. Mashine ilikuwa nzima. Mkono haukufika.

Tangu nisome hivyo naangalia mpini kwa jicho jingine. Umewekwa upande wa kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia. Ni mkubwa, ushikike hata kwa glavu nene. Na una namna ya kufichwa kwenye mkanda ukiwa kwenye gari au chakulani, usivutike kwa bahati mbaya. Maana yake, ikiwa umesahau kuutoa, siku hiyo umevaa begi la kawaida zito.

Jumanne, siku ya 18

Mzigo umefika Mkoani jana, leo asubuhi uko mezani. Kapasita sita, zimefungwa vizuri.

Kabla ya kulehemu nimezipima zote, nikazimaliza umeme kabisa kwa rizista. Hili naliandika kwa msisitizo kwa fundi yeyote atakayefungua kitu kama hiki: volti 16 hazirushi mtu, lakini kapasita hizi bisibisi ikizigusa vibaya huichomelea hapo hapo, na cheche yake hupofua. Vua pete, vua saa ya chuma.

Kila kapasita ina kisakiti chake kidogo cha kusawazisha volti, kinachopunguza ile inayotaka kuzidi. Viwili vilikuwa na kutu, nimevisafisha kwa spiriti na kuvilehemu upya. Nyaya nene za mota nimeziacha kama zilivyo, kazi yake nzuri kuliko ninayoweza kuifanya mimi.

Chaji: dakika 30 na ushei. Taa ya kijani. Nilipowasha swichi kubwa, mota ikatoa mlio mfupi, kama mtu anayekohoa kidogo kabla ya kuadhini. Hilo ni jaribio lake la ndani: bodi huizungusha mota kidogo tu kuhakikisha nyaya tatu zote zipo na volti inatosha, kisha ndipo inapokubali kusema kijani.

Sikuvuta. Nimesubiri mpwa atoke darasani.

Jumanne hiyo hiyo, baada ya alasiri

Mpwa kavaa begi. Baraza limejaa, hata muuza mitumba kaja. Nimemwambia asivute mpaka nimwambie, halafu nikanyamaza makusudi, nikamwongelesha mambo ya skuli, kisha katikati ya sentensi nikapiga kelele, "Vuta!"

Mkono wake ulikwenda kulia kwanza, kisha kushoto. Nimehesabu: karibu sekunde mbili zimepotea hapo. Kisha sauti ikatoka, mvumo mkali unaopanda kama filimbi, zipu ikapasuka tarrrr, na kitu cha rangi ya machungwa kikafumuka nyuma ya kichwa chake na mabegani pande zote mbili. Sekunde nne kwa saa ya simu. Lita 150, yaani madumu saba na nusu ya lita 20, kwa sekunde nne! Nimeligonga kwa vidole, likalia kama ngoma iliyopashwa moto.

Vipimo: volti kabla 16.0, baada 9.0. Nishati iliyotumika kama jouli 5,100, kwa hiyo wastani wa wati 1,275 kwa sekunde zile nne. Ni sawa na pasi ya umeme, kutoka kwenye kiboksi kisichozidi ukubwa wa mkate wa boflo. Umeme uliopita kwenye nyaya ni ampia 100 hivi. Sasa nimeelewa unene wake.

Tumerudia mara tano mpaka isha, tukichaji katikati. Mara ya tano mkono wa mpwa haukwenda kulia tena.

Alhamisi, siku ya 20

Jaribio la baridi. Shemeji yangu anauza barafu za ukwaju, friza yake inafika nyuzi 18 chini ya sifuri. Kaniazima kwa usiku mmoja, akatoa safu moja ya barafu zake, nami nimemwahidi kumtengenezea taa ya friza ile bila malipo. Nimeliweka begi zima ndani, na pembeni yake betri ya simu iliyojaa chaji.

Asubuhi nimelitoa na kulivuta hapo hapo, likiwa na umande. Sekunde tano kasoro, limejaa. Betri ya simu nilipoitia kwenye simu, simu iliwaka, ikaonesha asilimia nyingi, ikazima yenyewe nilipofungua kamera. Ilipopata joto ikarudi nzima. Kwenye lithiamu baridi hupunguza mwendo wa chembe ndani ya maji yake ya umeme, ghala limejaa lakini mlango umeganda. Kapasita nayo huguswa, ila kidogo.

Kasoro moja ya kapasita nimeiona pia: huvuja chaji yake yenyewe. Benki niliyoiacha siku kadhaa imeshuka. Ndiyo maana mabegi mengine ya aina hii hubeba pia betri ndogo ya kawaida, ambayo haijazi puto, hukaa tu ikiziongezea kapasita kile kinachovuja.

Jumamosi, siku ya 22, Wesha

Nilijua siku hii itakuja. Mvuvi mmoja wa Wesha amesikia habari za begi, kaja na pesa mkononi. Hoja yake ni nzito na sikuweza kuicheka. Baharini jaketi okozi ni kubwa, lina joto, linazuia mikono wakati wa kuvuta nyavu, vijana hulikalia badala ya kulivaa. Hili ni begi tu, ukianguka unavuta. Na sisi watu wa Pemba hatuhitaji kufundishwa thamani ya kitu kinachoelea; Septemba 2011 ilipozama MV Spice Islander njiani kuja kwetu, waliopona wengine walishikilia magodoro.

Nimemwambia tukapime kwanza, ndipo tuzungumze bei.

Mota na kapasita nimezitoa, puto nimelijaza kwa pampu ya baiskeli na kulifunga mdomo. Maji yakiwa kifuani, mvuvi kushoto na mpwa kulia wamenishika, nimejilegeza kama aliyezimia.

Lita 150 majini ni nguvu ya kubeba kilo 150, hakuna aliyewahi kuelea kama nilivyoelea. Lakini puto liko mgongoni. Kilicho chepesi hutafuta juu, mgongo ukawa juu, na uso ukaenda ndani ya maji. Nimejaribu kulala chali, nikaweza kwa kujitahidi, na wimbi dogo likanigeuza tena. Mara ya tatu nimekunywa maji ya chumvi, wakaninyanyua. Jaketi okozi la kweli huwekwa uzito wake wa kuelea kifuani na shingoni kwa sababu hiyo, limgeuze aliyezimia uso uangalie mbingu. Mlimani theluji haina habari na uso umeelekea wapi wakati inakwenda, inajali ukubwa tu. Baharini uso ndio kila kitu.

Mvuvi alinyamaza muda. Kisha kasema, "Basi bwana, hili si letu." Sikumwacha hapo. Tumekaa ufukweni zaidi ya saa nzima tukizungumza jaketi zipi ni nyembamba za kufanyia kazi, na nimemweleza kwamba zipo zinazojaa kwa chupa ya gesi, puto likiwa kifuani. Hizo ndizo ndugu halisi wa begi hili kwa mtu wa bahari.

Jumatatu, siku ya 24

Nimeliosha begi kwa maji baridi mara tatu kuondoa chumvi, nimelianika kivulini, si juani, maana jua huchosha kitambaa chake.

Kulirudisha sokoni hapana. Likisafiri tena na mitumba likafika kwa mtu wa milimani, atavaa akiamini, na kapasita alizozilehemu fundi wa Chake hazikupita vipimo ambavyo Ulaya wameviweka kwa mabegi haya tangu 2017. Nimeandika kwa wino usiofutika ndani ya puto na nje ya mgongo: LA KUFUNDISHIA TU.

Maalim wa sayansi wa skuli ya mpwa wangu amekubali kulipokea, pamoja na daftari la vipimo. Kaniomba nije mwenyewe siku ya kulionesha, na niwaambie watoto waje na mbatata. Kiulimi cha mpira kinavuja kidogo tangu Wesha, puto linalegea baada ya dakika kumi. Nimekata kingine kutoka mpira wa ndani wa baiskeli, gundi inakauka usiku huu. Kesho tunavuta tena.